Boksi la spika: ziba hewa kabla ya kupaka rangi
Ukitengeneza boksi la spika la sinema ya nyumbani, usikimbilie rangi. Hakikisha kwanza hewa haivuji. Ukishaunga mbao za MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) za milimita 18 kwa gundi na vibano, pitisha gundi nyingine kwa kidole kwenye pembe zote za ndani. Ikikauka, funga spika ya besi juu ya ukanda wa sponji, sukuma koni (sehemu ya mbele ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha uiachie. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikiruka haraka, pana mwanya, utafute. (Boksi lenye bomba la besi, yaani tundu la kupitisha hewa, halipimwi hivi.) Na tafadhali vaa barakoa unapokata, vumbi la MDF linaumiza mapafu.