Jinsi ya kuwa nesi na fundi nguo bila kuharibu huku na kule

Mi ni nesi hapa Mbeya, mwaka wa nane sasa, afu nyumbani Isyesye nina cherehani mbili na ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke). Wodini naitwa sista, nikifika nyumbani hata viatu sijavua naitwa fundi. Miaka mitatu ya mwanzo sikujiona hata mmoja kati ya hao wawili, wodini najiona nesi nusu kwa sababu akili iko kwenye gauni la mtu, nyumbani najiona tapeli maana chuo cha ufundi cha VETA sijaenda, nimefundishwa na mama mdogo kule Tukuyu kwenye cherehani ya kukanyaga, kwaiyo kila mteja akija nasubiri tu siku atakayoniambia we sio fundi. Naandika nilivyojipanga mimi, kazi yako ikiwa nyingine geuza kidogo iendane.

Usianze na mteja, anza na rosta, ile ratiba ya zamu za kazini. Ikitoka tu naipiga picha, nikifika nyumbani naihamishia kwenye kalenda ya ukutani (ile ya kanisani, sisi wa Moravian tunazo) kwa kalamu tatu, asubuhi bluu, jioni kijani, naiti nyekundu. Siku nyekundu na siku ya kutoka naiti cherehani haiguswi, nalala. Zikibaki nahesabu. Mwezi wenye naiti saba napata kama siku kumi na mbili za kushona, gauni lenye bitana linanila siku mbili, kwaiyo magauni sita basi, nikipokea la saba nimeshamdanganya mtu tayari hata kama sijafungua mdomo. Mafundi tunatukanwa sana kwa ile "njoo kesho" na mi nadhani wengi wetu sio waongo kihivo, ni kwamba hatujawahi kukaa tukahesabu siku.

Hii ya kutogusa cherehani baada ya naiti nimeilipia. Ilikua mwezi wa saba, mnaujua mwezi wa saba wa Mbeya, nimetoka kazini asubuhi meno yanagongana, nikanywa chai ya tangawizi nikajiona niko fiti. Kuna mama kaleta kitenge cha ndege, wale wenye miguu mirefu, yadi sita, gauni la send-off ya binti yake Jumamosi. Nikakunja kitambaa mara mbili kwa upana, nikapanga, nikachora, nikakata. Jioni nakunjua kuunganisha, mwili wa nyuma ndege wamesimama vizuri tu, wa mbele wote vichwa chini miguu juu. Ukikunja kitenge chenye picha kwa namna ile safu ya chini lazima igeuke, hilo nalijua tangu Tukuyu, hata mtoto anayejifunza anaambiwa siku ya kwanza. Nilikaa sakafuni na mkasi mkononi sijui hata nilikaa mda gani.

Nilichofanya, na we ukiharibu fanya hivi hivi: nilimpigia jioni ile ile kabla hajapiga yeye, nikamwambia nimekosea, kitambaa nanunua mimi, gauni Ijumaa saa kumi unalo. Asubuhi nikapanda bajaji mpaka Mwanjelwa, duka la nne ndo nikakipata, nikalipa hela yangu. Ijumaa akachukua nguo yake. Hela iliniuma ila sio sana. Kilichoniuma ni mimi mwenyewe, usiku ule nilishaamua nauza vyote na picha ya ovaloki nimeshamtumia mtu.

Mama mdogo akapiga simu kusalimia tu, nikamlilia. Hakunipa pole. Akauliza, "Umeshona nguo ngapi mpaka leo?" Nikasema sijui, nyingi. "Zilizoharibika?" Sijui. Akasema, "Mwanangu, huko wodini unampa mgonjwa dawa bila kuandika kwenye faili?"

Yani nilinyamaza. Sisi tunafundishwa kabisa kwamba kisichoandikwa hakijafanyika, na kumbe nyumbani nilikua naendesha kazi nzima bila faili, ndo maana kosa moja likitokea linakua kubwa kuliko kila kitu, hakuna cha kulipima nacho. Nikakaa na meseji za miamala na vikaratasi vya vipimo nikahesabu. Nguo 143. Zilizorudi kwa kosa langu, 9. Nikamwandikia yule mtu wa ovaloki kwamba siuzi tena.

Kwaiyo nunua kauntabuku, ile ngumu. Andika tarehe, jina, vipimo, mshono mliokubaliana (mchore hapo hapo aone), kianzio, siku ya kuchukua. Afu acha nafasi ya kilichorudi na kwanini, na hapo usijionee huruma wala usijitukane, andika kama unaandika ripoti ya zamu. Usiseme "nilikua mzembe", sema "nimekata saa tatu asubuhi, nimetoka naiti". Mi nilipowatafuta wale tisa mmoja mmoja na kulinganisha na rosta za nyuma, sita nilizikata siku ya kutoka naiti. Sita! Miaka yote najiambia sina kipaji kumbe sina usingizi.

Zile tatu zilizobaki zote kola za koti. Hapo kweli nilikua sijui. Sasa hofu ikikuonyesha kitu cha kweli usibishane nayo, nenda kajifunze hicho kimoja, sio lazima uanze shule upya. Nilimfuata fundi mmoja wa suti, mzee, nikamlipa nikawa naenda siku za ofu, wiki nne, kola tu. Alinifumulisha mpaka vidole vikauma. Ndaga fijo, asante sana, baba.

Bei. Hapa ndo kutojiamini kunapojificha. Gauni ambalo wenzangu wanashona elfu 30 mi nilikua nachukua 15, nikisema nawavuta wateja, uongo, nilikua naona aibu. Piga zipu, uzi, bitana, umeme, afu zile siku mbili zako uzipe thamani, usipoziweka unajishonesha bure. Ukishapata namba itaje afu nyamaza. Usimalizie na "ila tutaongea". Kile kimya kinatisha mara ya kwanza, hesabu mpaka tano kimoyomoyo, wengi wanasema haya sawa. Na nusu ya hela ije kabla hujakata, kwenye laini ya simu ya kazi, sio ile ya kununulia mboga.

Upande wa kazini sina mengi. Soma mkataba wako unasemaje kuhusu kazi ya pili, ukiwa huna uhakika muulize afisa utumishi. Simu ya wateja inabaki nyumbani. Mwenzangu akitaka nguo aje Isyesye, simpimi mtu kiuno kwenye chumba cha dawa. Na mgonjwa akiwa bado kitandani kwangu sichukui kazi yake hata akibembeleza, maana hujui kama anapenda mshono wako au anaogopa asipokupa utamhudumia vibaya. TIN, ile namba ya mlipakodi, kaichukue TRA, kuisajili ni bure.

Sare za shule za Januari nilishaacha, na nyie wenye zamu ziacheni, wazazi wote wanataka tarehe moja.

Yule mama wa ndege alirudi mwaka juzi. Kaja na kitenge cha samaki, anacheka toka getini, "Fundi, hawa nao wasije wakalala chali." Tukakitandaza mezani tukabaki tunaangaliana, maana samaki wenyewe wengine wanaangalia kulia wengine kushoto, juu ni wapi hapo? Nikampa chaki achore mwenyewe mshale upande wa ndani. Tangu siku ile kila kitambaa chenye picha mteja anachora mshale kabla hajaondoka.