Jinsi ya Kurudi Kazini Unapopokea Malipo ya Ulemavu Marekani

Watu wengi wenye ulemavu wanaoishi Marekani, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na Afrika Mashariki, hukataa kazi wanayoiweza kwa kuhofia kwamba mshahara wa kwanza utafuta malipo yao ya serikali pamoja na bima ya afya. Hofu hiyo inaeleweka, lakini sheria haiko hivyo. Kwa baadhi ya malipo upo muda uliotengwa wa kujaribu kazi, na kwa mengine malipo hupungua kidogo kidogo tu; anayefahamu haya anaweza kupima nguvu zake bila kuhatarisha riziki ya nyumbani.

Kwanza kabisa, hakikisha unajua unapokea malipo gani. SSDI hulipwa mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) kwa muda wa kutosha kabla ya kupata ulemavu, ilhali SSI hulipwa mwenye ulemavu ambaye kipato na mali yake ni kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa. Wako pia wanaopokea yote mawili. Kanuni za kazi za malipo haya zinatofautiana sana, kwa hiyo ushauri wa jirani, hata akiwa na nia njema, unaweza kukupoteza. Soma barua uliyopewa malipo yalipoanza. Usipoielewa, piga simu ya Hifadhi ya Jamii, 1-800-772-1213, na uombe mkalimani wa Kiswahili, ambaye hutolewa bure. Usimtwike mtoto wako kazi ya ukalimani katika jambo hili, kwa sababu neno moja likikosewa huweza kuzaa deni la maelfu ya dola.

Mpokeaji wa SSDI ana miezi 9 ya majaribio, ambayo si lazima ifuatane, bali huhesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60. Katika miezi hiyo hulipwa malipo yake yote hata mshahara ukiwa mkubwa, mradi bado ana ulemavu na ametoa taarifa ya kazi. Kwa mwaka 2025, mwezi ulihesabiwa kuwa wa majaribio iwapo mshahara kabla ya makato ulizidi dola 1,160. Mshahara ukiwa chini ya kiwango cha mwaka husika, mwezi huo hauhesabiwi. Miezi 9 ikiisha, huanza kipindi kingine cha miezi 36. Katika kipindi hicho, mwezi ambao kipato kimezidi kiwango cha mwaka husika (mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620, au dola 2,700 kwa asiyeona) malipo husimama, na mwezi ambao kipato kimeshuka chini ya hapo hulipwa tena bila kuomba upya. Hata pale kiwango kinapovukwa kwa mara ya kwanza, mwezi huo na miwili inayofuata bado hulipwa. Bima ya afya ya Medicare nayo huendelea kwa angalau miezi 93 baada ya majaribio, yaani miaka 7 na miezi 9.

SSI haina miezi ya majaribio. Yenyewe hupungua kidogo kidogo. Tuchukue mama asiye na kipato kingine, anayelipwa dola 885 kwa mwezi kwa kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli. Ofisi huondoa kwanza dola 20, kisha dola 65, zinabaki 800, na nusu yake tu, yaani 400, ndiyo hupunguzwa kwenye kiwango cha SSI cha serikali ya shirikisho, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 967. Kwa kiwango hicho, atapokea SSI ya dola 567, na kwa jumla atakuwa na dola 1,452 kabla ya kodi. Hata mshahara ukipanda hadi SSI ikafika sifuri, mara nyingi bima ya afya ya Medicaid huweza kubaki, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Ikiwa unalipa kutoka mfukoni mwako gharama inayotokana na ulemavu na ambayo bila hiyo huwezi kufanya kazi, kwa mfano teksi kwa sababu huwezi kupanda basi, tunza risiti na uombe gharama hiyo iondolewe kwenye hesabu ya kipato.

Panapowaumiza watu zaidi ni kwenye taarifa. Ukianza kazi, ukiongezwa saa, ukibadilishiwa mshahara au ukiacha kazi, kila mara ijulishe ofisi ya Hifadhi ya Jamii, na kwa SSI fanya hivyo kabla ya kupita tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Dai stakabadhi ya taarifa uliyotoa, kwani sheria inakupa haki hiyo, kisha uihifadhi pamoja na hati zote za mshahara. Ukiandikiwa kwamba umelipwa kupita kiasi, usiitupe barua hiyo. Una siku 60 za kukata rufaa, na unaweza kuomba kusamehewa ikiwa kosa halikuwa lako na huna uwezo wa kurejesha.

Mpango wa Ticket to Work, uliotokana na sheria ya mwaka 1999, humsaidia bure mwenye umri wa miaka 18 hadi 64 kutafuta kazi. Ukijiunga kabla ya kuitwa kwa uchunguzi wa kitabibu wa kuona kama bado una ulemavu na ukatimiza hatua zinazotakiwa, uchunguzi huo huahirishwa.

Na kama malipo yalikwisha kwa sababu ya kipato, kisha ulemavu uleule ukakuzuia kuendelea, omba kurejeshewa ndani ya miaka 5 bila kujaza maombi mapya. Ombi likiwa linachunguzwa, unaweza kulipwa kwa muda usiozidi miezi 6, na kwa kawaida hudaiwi fedha hizo hata ombi likikataliwa.