Namna ya Kuchagua Rolikeji ya Kuchomelea kwa Gari la Mashindano

Anayejenga gari la mashindano mara nyingi huanza na injini, akaenda kwenye giaboksi na shokomzoba, na rolikeji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayowalinda waliomo ndani gari likipinduka, ikaachwa hadi mwisho, pesa zikiwa zimekwisha. Nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Rolikeji ya kuchomelea ikishaungwa na bodi haitoki tena ila kwa grinda, na kila kitu kingine ndani ya gari, kuanzia viti na mikanda hadi njia za nyaya, hupangwa kwa kufuata umbo lake. Kosa lililofanywa hapa husafirishwa na gari hilo maisha yake yote.

Kabla ya kuulizia bei, soma kanuni za mashindano unayokusudia kuingia. Msingi unaotumika na wengi ni Kiambatisho J cha kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, kifungu cha 253, nacho hueleza vipimo vya mabomba, umbo la fremu na namna ya kuiunganisha na bodi. Lakini chama cha mchezo katika nchi yako kinaweza kuwa na masharti yake ya ziada, na ndicho kitakachokukagulia gari. Mpelekee mkaguzi mchoro wako angali chuma hakijakatwa. Hata anayetaka gari la kujifurahisha kwenye mzunguko wa lami tu ningemshauri ajenge kwa kanuni za FIA, kwa sababu gari hilo siku moja litauzwa, na mnunuzi atakayetaka kushindana nalo ataanza kwa kuuliza juu ya rolikeji.

Njia za kuipata ni mbili. Ya kwanza ni kununua rolikeji yenye cheti cha homologesheni, yaani idhini rasmi ya muundo wake, ambayo huja na mabomba yaliyokwisha kukunjwa, kibandiko cha utambulisho na nambari, na ambayo huruhusiwi kuikata wala kuiongezea kitu baadaye. Ya pili ni kumpa fundi wa karibu aikunje na kuijenga mwenyewe kwa kufuata michoro ya kanuni. Ukichukua njia ya kwanza, agiza kwa msimbo wa bodi (herufi na tarakimu zinazotambulisha toleo lake), usiagize kwa jina la gari. Subaru Impreza ya GC8 na ile ya GDB ni magari mawili tofauti kabisa ndani, na Lancer Evolution ya CT9A haipokei rolikeji ya CZ4A. Mweleze pia muuzaji kwamba usukani wako uko kulia, maana rolikeji nyingi hutengenezwa Ulaya kwa magari ya usukani wa kushoto, na bomba linalopita karibu na dashibodi linaweza kugombana na mhimili wa usukani.

Ukichukua njia ya pili, anza na chuma. FIA hutaka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua 350 N/mm². Upinde mkuu ulio nyuma ya viti uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0; sehemu nyingine ziwe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi halifai hata likionekana nene: kwa kawaida lina mshono, na lile la mabati hutoa moshi wa zinki unaomdhuru fundi na kuharibu uchomeleaji. Dai karatasi ya kiwanda inayoonyesha chuma ni cha aina gani, na kama muuzaji hana, tafuta mwingine.

Hapa niseme neno juu ya kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, kwa kuwa wengi huilipia bila kuielewa. Bomba la kromoli lenye kipimo kilekile lina uzito uleule wa chuma cha kawaida. Unafuu hupatikana pale tu ambapo cheti cha homologesheni kimeruhusu bomba jembamba zaidi, nayo huhitaji fundi wa TIG, uchomeleaji wa umeme wenye kutumia ncha ya tangsteni na gesi, mwenye mkono uliotulia. Ukijenga kwa michoro ya kawaida, unafuu mdogo wa uzito unaupata kwa kuchagua 50 kwa 2.0, yenye takriban kilo 2.4 kwa mita, badala ya 45 kwa 2.5 yenye kilo 2.6.

Tazama mikunjo. Kanuni hutaka nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa kwenye mstari wa katikati ya bomba, kiwe angalau mara 3 ya kipenyo cha bomba lenyewe. Bomba lililobonyea kwenye kona limekwisha kupoteza nguvu mahali ambapo litahitajiwa zaidi, nalo likataliwe bila mjadala.

Kisha uje kwenye viungo, ambako ndiko rolikeji nzuri hutengana na mbaya. Miguu ikae juu ya bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi iliyo safi. Sakafu yenye kutu ikatwe na kuwekwa bati jipya kwanza, kwa sababu gari likiviringika mguu hutoboa bati lililooza, na fremu nzima hushuka pamoja na paa. Mihimili ya nyuma ishike bodi karibu na mahali pa juu panapofungwa shokomzoba, nayo iachane na mstari wa wima kwa angalau nyuzi 30. Fremu inapounganishwa pia na nguzo za kioo cha mbele na za milango, bodi huacha kujipinda, na kwenye njia za mawe kama zile za Naivasha utalisikia gari likitii usukani kwa namna ambayo rolikeji ya kufunga kwa bolti haifikii.

Kiungo huchomelewa mzunguko mzima wa bomba. Jambo hili huonekana dogo hadi utakapokumbuka kwamba upinde mkuu umebanwa na paa, na mkono wa fundi haufiki juu yake. Fundi mzuri hutoboa sakafu, huishusha fremu kwenye matundu hayo, huchomelea sehemu za juu zikiwa wazi, kisha huinyanyua na kuweka bamba za miguu. Fundi mvivu huchomelea upande unaoonekana na kupaka rangi. Niliwahi kuchukua kioo kidogo na tochi nikachungulia juu ya kiungo cha gari moja lililokuwa likiuzwa kwa bei nzuri: chini weld ilikuwa imepangika kama magamba ya samaki, na juu mabomba mawili yalikuwa yamegusana tu, na mwanya wa kuingiza ukucha. Beba kioo hicho kila unapokwenda kuangalia gari, na mwombe fundi picha za kazi kabla hajapaka rangi.

Mwisho, kaa kitini ukiwa umefunga mikanda na kuvaa helmeti, na msaidizi wako afanye vivyo upande wake, mtupe vichwa pande zote. Kila bomba ambalo helmeti inaweza kuligusa livikwe kinga ya kiwango cha FIA 8857-2001, wala si sponji ya mabomba ya maji ya moto. Kichwa kisicho na helmeti hakipaswi kuwa karibu na mabomba hayo kabisa, na kwa sababu hiyo sishauri rolikeji kamili kwa gari linalopeleka watoto shule. Kisha shukeni, kila mmoja kwa mlango wake. Mihimili ya mlangoni iliyowekwa juu mno hulinda ubavu lakini humfunga mtu ndani gari likishika moto, na ndiyo maana FIA huizuia isianzie juu ya nusu ya kimo cha uwazi wa mlango.