Kubana matumizi ukisoma ughaibuni: anza na makato, siyo na sahani

Juzi nilikaa na kijana mgeni chuoni ambaye alikuwa ameacha kula mchana ili abane pesa. Tulipofungua taarifa zake za benki tukakuta kila anapotumiwa pesa, sehemu nzuri inamegwa njiani. Njaa yote ile ilikuwa ikilipia makato.

1. Chumba
Chukua cha kushirikiana jiko na bafu. Kabla ya kusaini, uliza kama kodi inajumuisha umeme, maji, joto na intaneti, na jibu liwe kwa maandishi. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila ukuta na kila mkwaruzo, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Amana nyingi za chumba, zile pesa anazoshikilia mwenye nyumba mpaka uhame, hupotelea hapo.

2. Usafiri
Ulizia nauli ya mwanafunzi. Tiketi ya mwezi inunue tu kama hesabu ya safari zako inakubali; mimi natembea.

3. Kupokea pesa kutoka nyumbani
Hapa soma polepole. Tangazo la "hakuna makato" lisikupumbaze, maana faida yao mara nyingi imefichwa kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Tafuta kiwango cha kati cha siku hiyo kwenye intaneti, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu, kisha linganisha na kinachofika mkononi. Kama kwa kiwango cha kati ungepata 1,000 na zimefika 965, basi umelipa 35, hata risiti ikiandika sifuri. Linganisha kinachofika, siku moja, saa moja. Kingine usijali.

Pale penye ada isiyobadilika kwa kila muamala, tuma mara chache kwa mafungu makubwa. Mara nne kwa mwezi ni ada nne.

Ukituma benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa benki wa kupeana maagizo ya malipo ya kimataifa, utakutana na herufi OUR, SHA na BEN. OUR, anayetuma anabeba gharama zote, SHA, mnagawana, BEN, zote zinamwangukia anayepokea. Kwa pesa ya matumizi SHA haina neno. Kwa ada ya chuo, kamwe! Mimi niliiacha SHA kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshachaguliwa kwenye fomu. Benki ya katikati, ile iliyopitisha pesa kati ya benki yangu na ya chuo, ikakata chake, ada ikafika pungufu kidogo, mfumo ukanihesabu mdaiwa na usajili ukafungwa. Asubuhi nzima nikazungushwa dirisha hadi dirisha kwa deni dogo kuliko bei ya daftari. Chagua OUR, tuma siku kadhaa kabla ya mwisho wa kulipa, na namba yako ya usajili iwe kwenye maelezo ya malipo.

Na ATM ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kadi yako, kataa. Chagua sarafu ya nchi uliyopo. Swali hilohilo huja kwenye mashine za kulipia dukani, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukubonyezea, kwa hiyo mwombe uone skrini mwenyewe.

4. Chakula
Pika. Sufuria kubwa, mara mbili kwa wiki.

5. Vitabu
Maktaba kwanza, wa mwaka wa juu pili, duka mwisho.

6. Kumbukumbu
Programu za bajeti nimezijaribu, nikazifuta. Daftari la mfukoni linanitosha, lakini makato nayaandikia ukurasa wake peke yake. Yule kijana naye tulimfungulia wa kwake, na mstari wa kwanza alioandika ulikuwa mkubwa kuliko chakula chake cha mchana cha wiki nzima.