Somo: Maswali ya kasi, umbali na muda, na mahali dakika zinapotuangusha

Mwezi huu nimelijibu swali la jinsi ya kutumia dakika katika hesabu za kasi hadi nimechoka, kwa wazazi na kwa wanafunzi, kwa hivyo naliandika hapa mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Mfano wetu ni huu: matatu inaondoka Nakuru saa 5:50 asubuhi na kufika Kisumu saa 8:14 mchana. Tukichukua umbali kuwa kilomita 180, kasi yake ya wastani ni ngapi?

Hatua ya 1. Andika unachokijua na unachokitafuta, pamoja na vipimo vyake.

Hatua ya 2. Chagua kanuni. Kasi ni umbali ukigawanywa kwa muda; nyingine mbili (umbali ni kasi mara muda, na muda ni umbali ukigawanywa kwa kasi) zinatokana na hiyo.

Hatua ya 3. Geuza dakika ziwe sehemu ya saa. Muda wa safari ni saa 2 na dakika 24, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Niliandika ubaoni 2.24, nikagawanya, nikapata 80.36, na darasa zima likanakili. Msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza kama dereva huyo hangekamatwa, kwa kuwa matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Wenzake walicheka, nami nikaufuta ubao kwa kiganja. Saa ina dakika 60, si 100. Kwa hivyo 24 hugawanywa kwa 60, tunapata 0.4, na muda ni saa 2.4. Jihadhari pia unaporudi upande wa pili: jibu la saa 1.25 ni saa moja na robo, wala si saa moja na dakika 25. Dakika 20 nazo ziache zikiwa theluthi ya saa, kwa sababu ukiandika 0.33 jibu litapotoka kidogo.

Hatua ya 4. Gawanya: 180 ÷ 2.4 = kilomita 75 kwa saa.

MASWALI

Mzazi, Kondele: Mwalimu, saa 3 na dakika 15 si ni 3.15 tu?

Jibu: Hatua ya 3, mzazi. Isome yote.

Mwanafunzi, Kakamega: Shikamoo mwalimu. Gari dogo likienda kwa kasi ya 90 na kurudi njia ile ile kwa kasi ya 60, kwa nini wastani si 75?

Jibu: Marahaba, mwanangu; umeuliza vizuri. Tumia kilomita zetu 180. Kwenda kunachukua saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 360 kwa saa 5, yaani 72. Gari limekaa muda mrefu zaidi katika kasi ndogo, ndiyo maana wastani umevutwa upande wa 60. Ungepata 75 iwapo gari lingetumia muda sawa katika kila kasi. Jaribu kwa umbali mwingine wowote uone kama 72 itabadilika.

Mzazi, Bondeni: Mbona unawachosha watoto? Pembetatu ya kanuni, ile yenye umbali juu na kasi na muda chini, inatosha.

Jibu: Sijaikataa pembetatu. Inakuonyesha cha kugawanya, lakini ukiipa 2.24 itakurudishia kosa lile lile.

Mwalimu mwenzako, Njoro: Naongezea dokezo. Wanafunzi wangu hubabaika mtihani unapoandika 11.50 a.m. hadi 2.14 p.m., kwa kuwa saa zinaanza upya adhuhuri. Nawaambia wasome kwa saa za Kiswahili: 8:14 kutoa 5:50, na hapo hakuna cha kuvuka.

Jibu: Ahsante sana, mwalimu, hilo nitaliiba. Ila wakumbushe kuwa saa zetu nazo huanza upya baada ya saa kumi na mbili, kwa hivyo aliyeondoka saa 11 alfajiri akafika saa 2 asubuhi lazima aongeze 12 kwenye ile 2 kabla ya kutoa, apate saa 3. Na katika kuazima dakika, wanaazima 60: 8:14 inakuwa 7:74 kwanza.