Amplifaya ndogo ya valvu kwa gitaa la hotelini na la harusi

Vijana wanaopiga gitaa hapa Mtwara wakinijia kuhusu amplifaya, swali la kwanza huwa, "Kaka, nichukue ya wati ngapi?" Nami huwauliza wao kwanza: unapiga wapi, na unataka gitaa lilie vipi? Mpiga roki anataka amplifaya ikwaruze, ndiyo raha yake. Sisi wa solo na rithimu za dansi, tunaopiga hotelini Shangani au kwenye harusi ya uani kule Mikindani, tunataka kila nota itoke safi, huku mhudumu akisikia oda ya mteja bila kuinamia meza. Basi mimi natafuta amplifaya inayobaki safi kwenye sauti ninayoihitaji na akiba kidogo juu yake.

Wati zinawachanganya watu. Ukitoka wati 5 kwenda 10 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kati ya amplifaya ya wati 5 na ya wati 15 tofauti haifiki desibeli 5, kwa hiyo usidhani ile kubwa itakufukuza hotelini kwa kelele. Tofauti utaisikia pale sauti inapoanza kuchafuka. Fender Champ ya zamani, yenye valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti) moja ya aina ya 6V6 na wati kama 5, ni tamu sana ukipiga nota mojamoja polepole. Ukishusha rithimu ya nyuzi zote sita kwa nguvu, inaanza kukwaruza mapema. Ukiwa na mwimbaji na tumba moja, itakufaa. Akija mpiga drams mwenye mkono mzito, hiyo iwekee maiki au iache nyumbani.

Chaguo langu kwa kazi za huku ni wati 12 hadi 15. Fender Princeton Reverb ina 6V6 mbili, wati 12 na spika ya inchi 10. Inabaki safi vizuri. Fender Blues Junior ina valvu mbili za aina ya EL84, wati 15, spika ya inchi 12, na uzito wa kilo 14 hivi, unaoweza kuupakata kwenye bajaji. Vox AC15 ina mlio mzuri wa juu, lakini ile yenye spika ndani yake inafika kilo 22, na dereva wa bodaboda ataitazama mara mbili.

Utakutana pia na amplifaya zenye swichi ya kupunguza wati. Bugera V5, kwa mfano, inashuka kutoka 5 hadi 1 hadi 0.1. Swichi hiyo ni ya mtu anayetaka mkwaruzo chumbani usiku bila kuamsha nyumba. Ukipunguza wati unapunguza na ule usafi, kwa hiyo mpiga dansi asiilipie zaidi.

Spika ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Spika nyingine hutoa desibeli 97 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, nyingine 100. Hizo desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili bila kugusa valvu hata moja. Kinyume chake, spika za inchi 6 au 8 hulia kama redio ya mkulima, besi hamna. Ukibadilisha spika, omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zilingane na zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Na usiiwashe amplifaya ya valvu ukapiga bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, nayo ni kati ya vitu ghali zaidi humo ndani.

Sasa umeme, maana hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea. Amplifaya nyingi za mtumba zimetoka Marekani, volti 120, au Japani, volti 100. Sisi tuna volti 230, mzunguko wa 50 (50Hz). Soma kibandiko cha nyuma kabla hujauliza bei. Kama imeandikwa 120V na 60Hz peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hata ukiwa nayo, transfoma iliyotengenezwa kwa mzunguko wa 60 tu inaweza kupata joto kupita kiasi kwenye 50. Ya Japani isiunganishwe kwenye transfoma ya 120 kwa kusema "zinakaribiana". Valvu zitachoka upesi. Mimi nakwambia tafuta iliyoandikwa 230V, hata ukingoja zaidi.

Halafu kuna umeme wa harusini. Jenereta dogo, friji mbili za soda, taa za mapambo, na mashine ya MC, vyote kwenye waya mmoja mrefu. Volti zikishuka hadi 190, amplifaya ya wati 15 inabaki na kama 10, na gitaa linachafuka mapema kuliko ulivyozoea. Weka stabilaiza ya kwako, na omba waya wako utoke moja kwa moja kwenye jenereta. Inveta za bei nafuu za sola huleta mvumo kwenye gitaa. Kama ni lazima, iwe ile inayotoa wimbi safi (pure sine wave).

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au kwa mtu Lindi, nenda na gitaa lako mwenyewe. Washa, subiri dakika moja valvu zipate moto. Weka sauti ambayo wewe na muuzaji mnaongea bila kupaza, kisha piga kodi (chord) nzito ya nyuzi zote. Ongeza mpaka mlazimike kupaza kidogo, piga tena. Ikikwaruza hapo, kwa muziki wetu haifai, hata muuzaji akikwambia, "Hii ndiyo mashine wanayotumia Wazungu, bosi." Zungusha vinobu vyote usikilize mikwaruzo, kisha gonga valvu taratibu kwa penseli. Inayolia kengele kwenye spika imeanza kuchoka. Kuibadilisha si kazi, lakini punguza bei.

Chumvi ya bahari huku kwetu haisamehe soketi wala miguu ya valvu. Ihifadhi ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na mara mojamoja fundi apulize dawa ya kusafishia sehemu za umeme zinazogusana. Usiifungue mwenyewe. Kapasita zake hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, na fundi wa simu si lazima awe fundi wa valvu. Mtafute mzee aliyetengeneza redio za zamani.

Ukishafika kwenye kazi, usiiweke chini ikapigia magoti yako. Mlio wa juu huenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo utaongeza treble usiyoisikia wewe, na mteja wa meza ya mbele aumie. Ipandishe juu ya kreti la soda, iinamishe nyuma kidogo itazame sikio lako. Msimamizi akija na lile neno lake, "Kaka, wageni hawasikilizani," punguza treble kwanza kabla ya sauti yenyewe. Mara nyingi ndiyo inayowakera. Kwenye mfuko wa gitaa weka fyuzi mbili za kipimo kile kile kilichoandikwa nyuma, pamoja na valvu moja ya 12AX7, ile ndogo inayokuza mlio wa gitaa mwanzoni. Hapa mjini si rahisi kuipata usiku wa Jumamosi.