Somo: Kutibu kiwiko cha tenisi kwa mazoezi

Wengi mnaonijia na kiwiko mmeshakipumzisha mwezi mzima. Maumivu yakatulia, mkarudi uwanjani, na mchezo wa kwanza tu yakaamka. Kupumzika hutuliza kano, hakuiimarishi. Kano yenyewe ni ya misuli inayoinua kiganja, nayo imejishikiza nje ya kiwiko. Huchoka taratibu, hasa kwa mchezaji anayechelewa kupiga bakihendi (pigo la upande wa mgongo wa mkono) na kuupokea mpira kwa kifundo cha mkono kilicholegea.

Hatua ya 1: Jipime. Nyoosha kiwiko, kiganja kitazame chini, kisha kiinue huku mkono wa pili ukikizuia. Pakichoma nje ya kiwiko, endelea na somo. Lakini vidole vikiwa na ganzi, kiwiko kikiwa kimevimba, au kikigoma kunyooka baada ya kuanguka, acha kila kitu umwone daktari.

Hatua ya 2: Sukuma bila kusogea. Laza mkono mezani, kiganja kipite ukingo kikitazama chini. Kiinue kiwe sawa na mkono, kizuie kwa mkono mwingine, usukume kwa sekunde 30 hadi 45. Rudia mara 5. Wiki moja au mbili zinatosha.

Hatua ya 3: Shusha polepole. Hapa ndipo penye dawa. Mkono ubaki mezani vilevile, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Mkono usiouma usaidie kuipandisha, kisha uachie. Sasa shusha kwa mkono unaouma peke yake ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Nimewaona wengi wakiiacha chupa ianguke ghafla halafu wanasema zoezi halifai. Kumbe faida kubwa imo kwenye kushusha. Fanya mara 15, mizunguko 3, siku moja ufanye, siku moja upumzike. Ikiwa nyepesi, ongeza uzito. Maumivu ya 3 kwa 10 yanavumilika. Yakilala nawe hadi asubuhi, punguza. Jipe wiki 6 hadi 12, na tafadhali usikate tamaa wiki ya tatu.

Hatua ya 4: Bega. Vuta ukanda wa mpira unaonyumbuka kuelekea kifuani mpaka makombe ya mabega yakaribiane. Bega likiwa dhaifu, kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) hubeba kazi isiyo yake.

Hatua ya 5: Rudi kwa awamu. Anza na fohendi (pigo la upande wa kiganja) karibu na wavu, dakika 15. Bakihendi ifuate, ya mikono miwili kama unaiweza. Kuanzisha mpira kwa nguvu kuje mwisho. Legeza nyuzi za raketi kidogo, na mipira iliyolowa maji iache kabisa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nilichomwa sindano ya steroidi, nikapona, sasa yamerudi makali zaidi. Kwa nini?*
Marahaba. Pole sana. Sindano hiyo hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini kano inabaki dhaifu, na maumivu kurudi ni jambo la kawaida. Anza hatua ya 2 kama mgeni.

*Mkanda wa kigasha unasaidia?*
Unapunguza maumivu wakati wa kucheza. Uvae, lakini usiache chupa.

*Kaka, mimi siumwi bado. Nifanye nini?*
Hatua ya 3 na ya 4 mara mbili kwa wiki, na upashe mwili dakika 10 kabla ya mpira wa kwanza. Halafu mwombe mwenzako akutazame bakihendi: unaupiga mpira mbele ya mwili, au umeshakupita?